Somo la Leo: Kuchagua Valvu ya Koili ya Cheche

Leo tutazungumza juu ya valvu, yaani zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za wazee wetu.

Juzi kijana mmoja wa hapa Kiboriloni alinijia na valvu mbili mkononi. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Akasema ya kwamba ataka kuunda koili ya cheche, mfano wa ile ya Nikola Tesla ya mwaka 1891, awaonyeshe wadogo zake. Akauliza, "Ipi itatoa cheche ndefu?" Nikamjibu, "Kwanza tusome majina yake."

Jina la valvu ya Ulaya lina maana. Herufi ya kwanza yataja umeme wa kuipasha moto: D ni volti 1.4, E ni volti 6.3. Herufi ya pili yataja kazi yake, na L ni valvu ya kutoa nguvu.

Valvu ya kwanza ilikuwa DL96, aliyoichomoa katika redio ya babu yake. Hii ni ya redio ya betri. Iliundwa isile betri nyingi, na sauti inayotoa haifiki hata nusu wati. Ukiipa volti 6, waya wake utakatika mara moja. Ya pili ilikuwa EL34, ambayo mpaka leo yatengenezwa kwa ajili ya vipaza sauti vya magitaa. Yataka volti 6.3 na ampea 1.5 za kuipasha moto. Anodi yake yavumilia volti 800, na joto la wati 25. Hii yamfaa mwanafunzi.

Iko na kubwa zaidi, 811A ya Marekani, inayovumilia volti 1500. Lakini namba yake haikuambii lolote. Lazima upate karatasi ya mtengenezaji.

Basi, kabla ya kununua, uliza mambo matatu: Yapashwa moto kwa volti na ampea ngapi? Anodi yavumilia volti ngapi? Na yavumilia joto la wati ngapi? Swali la tatu husahauliwa sana. Katika koili, valvu hufungua na kufunga njia ya umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, na sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Ukiona anodi ya EL34 inakuwa nyekundu, zima upesi.

Kisha nikamwuliza, "Na volti nyingi utazipata wapi?" Akajibu, "Katika transfoma ya oveni ya mikrowevu, mwalimu." Hapo nilimkataza kabisa. Transfoma hiyo hutoa volti 2000 hivi, na ampea za kutosha kuua mtu kwa mguso mmoja. Majuto ni mjukuu, lakini hapa huishi ukamwona mjukuu.

Tulipatana atumie transfoma ya redio mbovu ya valvu, yenye volti 300 hivi. Hata hizo zaweza kuua. Kwa hiyo asifanye kazi peke yake, bali mezani kwa fundi. Kabla ya kugusa kitu achomoe plagi. Kapasita hushika umeme hata baada ya kuzima, basi aziondolee umeme kwa rezista, kisha apime kwa mita.

Cheche zake zitakuwa fupi. Lakini taa ya tyubu ikisogezwa karibu na koili itawaka bila waya wowote, na wadogo zake watakuwa wamejifunza jambo. Ile DL96 nilimwambia airudishe katika redio ya babu, ndipo mahali pake.

Wenye vitu vya namna hii nyumbani, someni jina kwanza, ndipo mguse. Hadi somo lijalo, kwaherini.