Safari ya Siti binti Saad

Wako wasemao kwamba mwanamke akivuka bahari hupotea. Na wamtazame Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye zamani alichukua vyungu kichwani akiviuza. Shule hakusoma. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake wapigaji ala hata Bombay, Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Hakupotea, kwani alikuwa na kazi aijuayo na wenzi awaaminio. Sahani zile zikaja pwani yetu, zikaimba Kiswahili nyumbani mwa watu.

Basi binti akiomba ruhusa ya safari, tumwulize, “Waenda na nani, kwa kazi gani?” Akijibu vema, tumpe masurufu na dua.