Papa Potwe wa Mafia na Kamera Yangu



Nimeombwa nizungumze juu ya safari zangu za Mafia kupiga picha za papa chini ya maji. Najua wengi mnajiuliza: mtu aliyejifunza kuogelea katika vijito vya Uluguru anatafuta nini kwa papa? Lakini jambo hili si geni kwetu. Maji ya Kilombero, ya mkoa wetu huu huu, huingia Rufiji, na Rufiji humwaga rutuba yake baharini kuielekea Mafia. Uduvi na dagaa hunawiri, na nyuma yao huja papa potwe.

Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aweza kupita mita 12. Hata hivyo hana habari na mtu. Huchuja maji kwa kinywa chake kipana, basi. Kilindoni huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, wengi wao wakiwa madume ambayo hayajakomaa.

Kumpiga picha si kazi ya flashi. Maji yenye chakula chake yana ukungu, na flashi huangaza kila chembe, picha ikawa kama mvua ya mawe. Kaa karibu na uso wa maji, jua liwe nyuma yako, usimguse wala usimzibie njia. Mpige ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Madoa ya pale hayafanani kwa potwe wawili, kama alama za vidole. Mwaka 2005 wataalamu walichapisha njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta, iliyotokana na hesabu za kutambua nyota angani! Kwa picha za namna hiyo twajua kuwa potwe wale wale huonekana tena Mafia mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Tangu 2016 potwe amo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huchukua miaka zaidi ya 20 kukomaa. Akikatwa na rafadha au akifia wavuni, pengo lake halizibwi upesi. Wavuvi niliowaona mimi humfungulia wavu atoke. Wanaonitisha ni sisi wageni: boti tano kumzunguka potwe mmoja, kila mtu na kamera yake. Mimi ni mtumishi wa serikali, kanuni nazijua, lakini kanuni haipigi mbizi.

Picha nimezibandika karibu na mlango wa bwalo. Potwe wa tatu kutoka kushoto amekatika ncha ya pezi la mgongoni. Atakayekwenda Mafia akamwona, anipigie ubavu wake wa kushoto.