Deni na Askari wa Langoni

Wiki hii nilikwenda hospitali moja kumjulia hali jamaa yangu. Wodini nikamkuta mama ameketi juu ya godoro sakafuni, mtoto mchanga mapajani. Daktari alikwisha kumruhusu siku tisa zilizopita. Nilipomwuliza mbona haendi nyumbani, akanyosha kidole kwa askari wa langoni. Bili haijalipwa.

Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa pesa. Jaji alisema kuwazuia ni kuvunja haki zao za kikatiba. Deni lidaiwe kisheria, lakini mgonjwa si rehani.

Muuguzi wa zamu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba akimwachia mama huyo aende, yeye ndiye atakayekatwa mshahara. Namwamini. Hukumu hiyo hajawahi kuisikia. Ila orodha ya malipo imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Na fomu za kuomba kusamehewa bili? Zipo, kabatini kwa afisa wa ustawi wa jamii. Mama hakuambiwa.

Niliondoka jioni nikimwacha palepale. Kesho yake ilikuwa siku ya kumi.