Neno la Bungeni na Asiye na Kura

Australia ni miongoni mwa nchi zinazowapokea baadhi ya wakimbizi kutoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari za Bunge lake haziwi ngeni kwa wakazi wa Rwekubo na Nakivale, wilayani Isingiro.

Mwaka 1999 Bibi Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Nyeri, Kenya, alihamia huko pamoja na jamaa yake. Mwaka 2001 alipata uraia wa Australia, na kwa sheria ya Kenya ya wakati ule akapoteza uraia wa kuzaliwa. Hasara hiyo ikaja kumfaa, kwa kuwa Katiba ya Australia humkataza mwenye uraia wa nchi mbili kuwa mbunge. Mwezi Aprili 2017, baada ya Mahakama Kuu kutamka kwamba Seneta Bob Day hakuwa na sifa, Bibi Gichuhi alichukua kiti hicho. Akawa mtu wa kwanza wa asili ya Waafrika weusi kuingia katika Bunge hilo.

Wakati huo serikali ilikuwa na maseneta 29 tu kati ya 76, na ilihitaji 39 ili kupitisha muswada. Seneta mmoja asiye na chama alikuwa na uzito mkubwa kuliko idadi yake. Februari 2018 Bibi Gichuhi alijiunga na chama cha Liberal kilichokuwa kikitawala.

Mwaka 2018 alitangaza kwamba angewataja ndani ya Seneti watu waliowatisha wenzao chamani. Mbunge hashtakiwi kwa maneno anayoyasema bungeni. Kinga hiyo imewekwa ili ukweli usiogope wakubwa. Lakini baada ya kukutana na Waziri Mkuu Scott Morrison, majina hayakutajwa. Katika uchaguzi wa Mei 2019 aliwekwa nafasi ya nne katika orodha ya chama chake, akakosa kiti.

Yapo mafunzo hapa. Kinga ya mbunge haina thamani kama haitumiki, na anayetegemea chama kumpanga katika orodha hupimwa pia kwa kunyamaza kwake.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inawapa wabunge kinga. Mkimbizi wa Nakivale hapigi kura, wala hawezi kumwadhibu mbunge aliyenyamaza. Hata hivyo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inayomruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, ilitungwa na Bunge ambalo yeye hakulichagua. Haki zake zilipatikana kwa sababu wenye kura walikubali kumsemea asiye nayo.

Hicho ndicho kipimo cha mbunge popote, Canberra au Kampala. Kumsemea aliyemchagua ni wajibu wake wa kila siku. Kumsemea asiyeweza kumlipa hata kura moja ndiko kunakoonyesha utu wake. Akiba haiozi, na neno la haki lililosemwa bungeni ni akiba ya wanyonge.