Mtoto wa Kipato Kidogo na Chuo cha Morris

Barua za vyuo zimeanza kuingia majumbani, na katika familia zetu za Wakenya, Watanzania na Wakongo hapa Minnesota mjadala ni ule ule. Mtoto aende chuo kikuu kikubwa cha Minneapolis, au akubali nafasi aliyopewa Morris, kule kwenye mashamba ya mahindi na soya, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari? Mzazi anayepiga shifti mbili katika nyumba ya kutunzia wazee ana haki ya kuuliza: chuo kidogo kinachomsomesha mtoto biolojia, falsafa na historia kwa pamoja, kitampa kazi gani?

Mimi nasema chuo hicho kinamfaa mtoto wetu, tena kinamfaa kuliko kinavyomfaa mtoto wa tajiri.

University of Minnesota Morris ni chuo cha umma chenye wanafunzi wapatao 1,000. Kile kikubwa cha Minneapolis na St. Paul kina zaidi ya 50,000. Mtoto ambaye baba na mama wana shahada, akianza kuzama katika ukumbi wa watu 300, anapiga simu nyumbani. Anaambiwa: nenda kamwone profesa ofisini kwake, jiondoe katika somo hilo kabla ya tarehe ya mwisho, usiliache hivi hivi. Mtoto wetu anampigia nani? Mama yuko kazini, na hata akipokea, mambo hayo hakuyapitia. Basi mtoto anaona aibu, anaacha kuhudhuria, na sisi tunapata habari matokeo yakishatoka. Darasa likiwa na watu 15, kiti kikikaa wazi mara mbili mwalimu anajua ni cha nani. Na siku mwanafunzi anapoomba kazi au shahada ya pili, yupo mtu anayeweza kumwandikia barua ya kumtambulisha kwa kumfahamu kweli.

Tena Morris ina historia inayouma, nayo inatufundisha jambo kuhusu ada. Mwaka 1887 masista wa Kikatoliki walifungua pale shule ya bweni ya watoto wa Wahindi Wekundu, moja ya shule za zama zile zilizowatenga watoto na lugha na desturi za kwao. Baadaye serikali kuu iliichukua. Ilipofungwa mwaka 1909, majengo na ardhi vilikabidhiwa jimbo la Minnesota kwa sharti kwamba wanafunzi wa makabila hayo wapokelewe bila kulipa ada. Chuo cha leo kilianza mwaka 1960, na sharti lile bado linatekelezwa. Sasa karibu theluthi moja ya wanafunzi wanatoka katika makabila hayo. Ada ikiondolewa kwa sheria, bila mtu kungoja huruma ya ofisa fulani, watoto wanakuja.

Kwa familia nyingine jimbo lilianzisha mpango wa North Star Promise mwaka 2024. Familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka inafutiwa ada iliyobaki baada ya misaada mingine, katika vyuo vya umma vya hapa. Ni jambo kubwa, na ninalipongeza.

Lakini ichukue ile barua ya msaada, mzazi mwenzangu, uiweke mezani. Juu utaona Pell, ruzuku ya serikali kuu, ambayo haizidi dola 7,395 kwa mwaka. Hiyo hairudishwi. Chini yake, kwa maandishi yale yale, kuna mkopo, ambao kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi unaweza kufika dola 5,500. Vyote vimejumlishwa pamoja na kuitwa msaada. Chukua kalamu, kata mstari wa mkopo, kisha ujumlishe upya. Halafu tazama gharama ya chumba na chakula, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapokwama. Morris ni mji wa watu 5,000 hivi. Mtoto hawezi kulala nyumbani akaenda chuo asubuhi, na kazi za jioni za kujazia pengo ni chache.

Kuna hatari nyingine isiyo mikononi mwa mzazi. Chuo kidogo cha umma kikipungukiwa wanafunzi, masomo hukatwa upesi. Kule North Carolina, chuo cha umma cha Asheville kiliamua mwaka 2024 kufunga idara za falsafa, dini, tamthilia na elimu ya kale ya Mediterania, kwa sababu ya nakisi ya bajeti. Anayeumia zaidi ni yule asiye na fedha za kuhamia kwingine.

Kwa hiyo wabunge wetu wa St. Paul nawaambia wazi: mmefuta ada, sasa nendeni kwenye chumba na chakula. Nawe mzazi, kabla ya kukubali nafasi, pigia chuo simu uulize mabweni yanafungwa lini wakati wa Krismasi, na mwanafunzi asiye na nauli ya kurudi nyumbani analala wapi.