Jina la Sonara
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibaha)



Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Ujanani aliuza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu, kwa hiyo kwa wanawake wa kizazi chake kipini na bangili havikuwa urembo mtupu. Vilitangaza uungwana.

Nani alivifua? Masonara wa mjini waliyeyusha reale za Maria Theresa, gramu 28 hivi kila moja, wakavuta waya, wakatia nakshi. Sonara humpima mteja mkono, humjua kuliko msikilizaji yeyote. Lakini historia iliwaandika waimbaji na wapiga ala, sonara ikampita mlangoni.

Wala si Unguja peke yake. Mwana hiti wa Kizaramo wamo katika makumbusho ya Ulaya, wengi bila jina la mchongaji. Kisarawe si mbali na hapa. Likizo hii chukueni daftari, mkawaulize wazee: nani alichonga, nani alifua, alilipwa nini? Atakayepungukiwa nauli anione mimi, asimsumbue mwalimu mkuu.