Taa Themanini, Mzigo Mmoja

 

Leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni zile taa tunazozitundika nyumbani wakati wa Krismasi. Tawi la saipresi limeletwa kutoka shambani, watoto wamekata nyota za karatasi, na baba amerudi kutoka sokoni na mkufu wa taa. Lakini mkufu ni mrefu kuliko tawi, ama taa zote ni nyeupe na watoto wataka nyekundu. Basi mkasi hutafutwa, na kazi ya kuzigeuza taa yaanza. Hapo ndipo twaomba tusimame kidogo kabla mkasi haujafungwa.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1882, katika mji wa New York, Edward Johnson, aliyefanya kazi pamoja na Thomas Edison, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Balbu za siku zile ziliwaka kwa kuupasha moto uzi mwembamba uliokuwa ndani. Taa za leo, zile tunazoziita LED, hazina uzi huo. Zina chembe ndogo itoayo nuru umeme unapoipitia. Nick Holonyak wa Marekani alionyesha ile nyekundu mwaka 1962. Ya buluu ilisumbua wataalamu miaka mingi, na wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuifanikisha. Nyingi za taa nyeupe tunazonunua ni buluu hiyo, iliyofunikwa kwa unga wa manjano.

Sasa tazameni jinsi mkufu unavyofanya kazi. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240, na taa moja nyeupe yahitaji kama volti 3 tu. Yawezekanaje basi taa ndogo hivyo kuchomekwa ukutani isiungue? Jibu ni kwamba zimepangwa mstari mmoja, zikipokezana mkondo kama watu wapokezanao matofali. Tuchukue hesabu rahisi, tukiviacha kando vile vipande vidogo vya kuzuia umeme: taa 80 zikigawana volti 240, kila moja yapata volti 3. Hakuna izidiwayo.

Lakini ukikata taa 20, volti za ukutani hazipungui. Ni zile zile 240, nazo sasa zaziangukia taa 60, kila moja ikisukumwa na volti 4. Msidhani volti moja ni kitu kidogo. Katika taa za namna hii, nyongeza ndogo ya volti huongeza mkondo mara nyingi, na taa hupata joto, hufifia, hata kuungua. Ndivyo ilivyo pia kwa yule ambaye taa moja ikifa na mstari wote ukazima, huikata na kuzifunga nyaya mbili pamoja. Mkufu wawaka, naye afurahi. Mwaka ujao afunga nyingine, na mwaka wa tatu nyingine, na kila mara zilizobaki zaongezewa mzigo. Tena kila kifundo alichokifunga ni mahali ambapo mtoto aweza kushika umeme wa volti 240. Kumbukeni pia kwamba mkufu uliozima bado waweza kuwa na umeme ndani yake, maadamu plagi imo ukutani.

Tufanye nini basi? Kwanza, mkufu wa kuchomeka ukutani tusiukate kamwe. Ukiwa mrefu, tuikunje sehemu iliyozidi nyuma ya tawi, na taa tusizotaka zionekane tuzifunike kwa tepu nyeusi ya umeme. Hazitaonekana, lakini zitaendelea kubeba sehemu yao. Taa iliyokufa, kama mkufu umetengenezwa ili taa zibadilishwe, tuweke nyingine ya aina ile ile, plagi ikiwa imechomolewa. Kama haubadilishiki, heri kuuacha.

Pili, mwenye hamu ya kugeuza na ageuze ule wa betri. Mikufu mingi ya betri tatu hupata volti 4.5, na taa zake zimepangwa kandokando, kila moja ikiguswa na nyaya zote mbili. Hapa twaweza kukata taa chache mwishoni na kuziba ncha kwa tepu. Rangi twaweza kuigeuza kwa karatasi nyororo za peremende, nyekundu au kijani, na watoto wakasaidia bila hofu.

Wengine hupenda kuondoa betri na kutumia chaja ya simu, ambayo hutoa volti 5. Yawezekana, ila hesabu haikwepeki. Tuseme tuna taa 20, kila moja yahitaji volti 3 na miliampea 5. Jumla ni miliampea 100. Volti 2 zilizozidi lazima zizuiwe na kikinza, kile kipande kidogo kinachopatikana kwa mafundi wa redio, nacho kiwe cha omu 20 na cha nusu wati. Kama tayari kimo kimoja ndani ya kijisanduku cha betri, nacho kihesabiwe. Tukizipunguza taa zikawa 10, kikinza kiwe karibu omu 40, la sivyo zile 10 zitabeba mkondo wa 20. Chaja yenyewe iwe imara, wala si ile iliyopasuka ganda. Asiye na ujuzi na amwite fundi. Kuuliza si ujinga.

Tatu, mvua za vuli huenda zisiwe zimekwisha Desemba. Mkufu wa nje uwe umeandikwa IP44 au zaidi, maana yake waweza kustahimili maji ya kurushwa, na plagi yake ikae ndani mahali pakavu. Tawi la saipresi likikauka hushika moto upesi, kwa hiyo tusilale wala kwenda ibadani tukiziacha taa zikiwaka.

Wapendwa, wazee wetu walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika zile taa twaliona hilo kwa macho. Mmoja akiondolewa mahali pake, mzigo haupungui. Wahamia kwa aliye karibu naye. Na je, katika nyumba zetu siku hiyo? Wageni wafika kumi na wawili, maji yatakiwa, kuni zatakiwa, chapati zatakiwa, nasi wengine twakaa sebuleni tukiyasifu mapambo. Mama yumo jikoni tangu alfajiri akibeba volti za watu wanane. Haonekani kuungua, kwa kuwa taa izidiwayo mwanzoni huwaka kwa nguvu kuliko zote. Mwangalieni vizuri jioni, ndipo mtakapojua.

Basi mwaka huu, kabla hatujachomeka plagi, tuhesabu taa zetu, na tuhesabu pia watu wa nyumba yetu. Kila mmoja na ashike fungu lake, hata yule mdogo awezaye kubeba kikombe kimoja tu.

Mungu awabariki. Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.